Rwenzori na Sisi Watu wa Visiwa

Kwetu sisi wa visiwani, ambao tumezoea vilima vya mikarafuu, milima ya Rwenzori ni ajabu kubwa. Safu hii, iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, haikutokana na volkano kama Kilimanjaro. Ni mwamba ulioinuliwa kutoka chini ya ardhi. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, na maji yake huteremka hadi Mto Nile.

Msafiri aanzaye Kilembe hupita msituni, kisha kwenye mianzi, kisha kwenye matope mazito na mimea ya lobelia impitayo mtu kwa kimo, ndipo aione barafu. Wakonjo, wenyeji wa huko, ndio viongozi wa njia.

Lakini barafu hiyo yatoweka. Tangu mwaka 1906, Luigi Amedeo wa Italia alipofika kileleni, sehemu yake kubwa imeyeyuka. Joto liyeyushalo barafu ile ndilo lipandishalo bahari ilayo fukwe zetu. Basi viongozi wasiseme Rwenzori iko mbali. Kuifunika barafu ile hatuwezi. Kuilinda mikoko yetu, izuiayo mawimbi, twaweza, na ni wajibu wetu.