Tusiwahi Kuwapa Watoto Funzo la Hadithi

Msimulizi akisema "Paukwa!", watoto huitika "Pakawa!" Hadithi ikiisha, mkubwa hutoa funzo, watoto wakalale. Mimi naona funzo hilo tunalitoa mapema mno.

Chukueni mbio za Sungura na Kobe, jinsi wengi wanavyozisimulia hapa Afrika Mashariki. Kobe hashindi kwa mwendo. Huwapanga ndugu zake njiani, na kila Sungura aitapo, kobe mwingine humjibu kutoka mbele. Mzazi anayefunga kwa "haraka haraka haina baraka" amefunza jambo ambalo hadithi hii haikulisema.

Nawashauri tuanze na picha kitabuni. Mwulize mtoto: kobe huyu wa mwisho ndiye yule wa mwanzo? Umejuaje? Kisha: kwa nini Sungura hakuwatofautisha? Huenda mtoto akagundua mwenyewe kuwa mwenye majivuno hamtazami mwenzake usoni. Halafu swali gumu: Kobe alitenda haki? Mmoja atasema alidanganya, mwingine atasema silaha ya mnyonge ni akili. Waacheni wabishane.

Mtoto anayemhoji Kobe leo, kesho hatamshangilia kila anayefika wa kwanza bila kuuliza amefikaje.