Paka wa ghalani: Wiki tatu za kumfungia huokoa magunia

MAVUNO yanapoingia ndani, mkulima wa mahindi huanza vita ya pili. Ya kwanza ilikuwa shambani, dhidi ya magugu na ukame. Ya pili ni ya ghalani, dhidi ya panya. Hapo ndipo jirani mwenye paka wengi anapofuatwa na kuombwa mmoja.

Mara nyingi paka huyo huletwa ndani ya kiroba, hufunguliwa uani, hutupiwa kichwa cha samaki na kuachwa aanze kazi. Asubuhi haonekani. Siku mbili baadaye yuko kwa jirani aliyemtoa, au amegongwa barabarani, na mwenye ghala hulalamika kwamba paka hana shukrani.

Tatizo si shukrani. Paka hushikamana na mahali, na mahali anapopajua ni pale alipoacha harufu yake kwa kujisugua kwenye milango na nguzo. Akiachiwa pasipo na harufu hiyo, hujificha au hutafuta njia ya kurudi alikotoka. Wapo wanaomzungusha njiani ili apotee, lakini dawa ya uhakika ni kumfungia ndani kwa muda wa wiki mbili hadi tatu.

Chumba kimoja kwanza

Safari yenyewe ifanywe kwa tenga la kuku lililofunikwa kwa kitambaa, si kiroba kinachomnyima hewa. Akifika awekwe katika chumba kimoja chenye dirisha lililozibwa kwa wavu. Apewe maji, chakula, boksi la kujificha na karai la mchanga au maranda ya mbao kwa ajili ya haja. Karai likae mbali na chakula.

Stoo inafaa, lakini kwa sharti moja. Paka asifungiwe kamwe penye mahindi yaliyofukizwa kwa vidonge vya gesi, wala penye viuatilifu au mbegu zilizopakwa dawa. Gesi hiyo huua paka kama inavyoua wadudu, na huua binadamu pia.

Wiki ya pili aruhusiwe kuzunguka nyumba nzima, milango ya nje ikiwa imefungwa. Chakula kitolewe saa zile zile kila siku, na anayempa agonge sahani au amwite kwa jina moja. Wiki ya tatu atolewe nje kwa dakika chache kabla ya mlo, akiwa na njaa, kisha aitwe. Akirudi mbio kwenye sahani, somo limeingia.

Njaa haimfanyi awe mwindaji

Kosa kubwa la wengi ni kumnyima chakula ili awinde zaidi. Paka huwinda kwa silka hata akiwa ameshiba, lakini mwenye njaa huenda mbali kutafuta riziki, na riziki ya karibu huwa ni vifaranga. Hivyo basi, dagaa wachache kila jioni ni gharama ndogo ukilinganisha na gunia lililotobolewa. Ugali na maziwa pekee havitoshi. Paka huhitaji nyama au samaki, na maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa. Vifaranga nao wafungiwe bandani mpaka wakue.

Sababu nyingine ya kutoroka ni kutafuta mwenza. Dume asiyehasiwa huzurura mbali, hupigana na kurudi na vidonda. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili tu, na boma hujaa paka wasio na wa kuwalisha. Daktari wa mifugo anaweza kumhasi paka kuanzia umri wa miezi minne hadi sita, na uwindaji hauishi kwa sababu hiyo. Usiku, wakati panya wanapotoka, mahali pake ni ndani ya ghala.

Afya ya boma

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, na hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Anayeumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyo hiyo.

Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo husababisha mbuzi na kondoo kutupa mimba na ni hatari kwa mjamzito. Vimelea hivyo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana karai lisafishwe kila siku, na kazi hiyo asipewe mjamzito. Pumba na majani ya mifugo yafunikwe ili paka asiyageuze choo.

Aidha, paka na sumu ya panya havikai boma moja. Panya aliyekula sumu hupungua kasi, hukamatwa kwa urahisi, na paka anayemla hufa naye. Mkulima achague kimoja.

Hata hivyo, paka peke yake hamalizi panya. Panya shamba, ambaye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro kimemtafiti kwa miaka mingi, huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja. Matundu yazibwe, majani kuzunguka ghala yafyekwe, magunia yapangwe juu ya chaga, na nguzo za kihenge zivishwe vikinga panya vya bati. Baada ya hapo, panya wachache watakaopenya ndio kazi ya paka, mradi awepo nyumbani kuwasubiri.