TONTINI: NENO MOJA, MIKATABA MIWILI

Ndugu msomaji, katika kamusi kubwa za Kiingereza limo neno ambalo hata Waingereza wenyewe hawalitumii kila siku. Neno hilo ni "tontine". Kwa matamshi yetu tungeliita tontini. Huenda hujapata kulisikia. Walakini ukifika Kinshasa, Yaounde au Dakar, utalisikia vinywani mwa wachuuzi wa sokoni na makarani wa ofisini, na jambo wanalolitaja utalitambua mara moja, kwani yamkini nawe unalicheza hapo mtaani kwako. Ni upatu.

Ajabu ni kwamba neno hilo hilo, kwa maana yake ya kwanza, lilikuwa karibu kinyume cha upatu. Tofauti hiyo yafaa ijulikane na kila mwenye mshahara na watoto.

Asili Yake

Neno lilitokana na jina la mtu. Mnamo mwaka 1653, Mwitaliano aitwaye Lorenzo de Tonti alimpelekea Kadinali Mazarin, waziri mkubwa wa mfalme wa Ufaransa, shauri la kuijaza hazina iliyokaushwa na vita. Shauri lilikuwa hivi: wananchi waikopeshe serikali fedha, nayo iwalipe faida kila mwaka maadamu wako hai. Anapokufa mmoja, fungu lake ligawanywe kwa waliobaki.

Chukua mfano wa watu kumi wanaogawana shilingi 1,000 kwa mwaka. Mwanzoni kila mmoja hupata 100. Wakifa watano, kila aliyebaki hupata 200. Akibaki mmoja, zote 1,000 ni zake. Naye akifa, malipo yamekwisha na rasilimali imebaki serikalini. Mjane hapati kitu, wala yatima hapati.

Wakati ule shauri la Tonti halikukubaliwa. Lakini Ufaransa yenyewe ililitumia mwaka 1689, na Uingereza ikafuata mwaka 1693, zote mbili zikitafuta fedha za vita. Iliruhusiwa kuandikisha uhai wa mtu mwingine badala ya wako. Basi wenye akili ya biashara wakaandikisha majina ya watoto wadogo wenye afya, wapate kula faida kwa miaka mingi.

Daraja, Mkahawa na Bima

Tangu hapo neno likapanuka. Daraja la Richmond, lililovuka mto Thames karibu na London na kufunguliwa mwaka 1777, lilijengwa kwa fedha za tontini. Ushuru wa kulivuka ulifutwa mwaka 1859, alipokwisha kufa mwenye hisa wa mwisho. Kule New York, wafanyabiashara wa hisa walijenga mkahawa wao kwa njia hiyo mwaka 1793, nao ukaitwa Tontine. Hivyo neno lililokuwa jina la mkataba likawa jina la jengo.

Karne iliyofuata likaingia katika bima. Kuanzia mwaka 1868 makampuni ya Marekani yaliuza bima ya tontini: mteja alilipa ada kwa miaka mingi, huku gawio likiwekwa hadi mwisho wa muda. Aliyekufa kabla ya muda huo, jamaa zake walilipwa bima yake lakini gawio walilikosa. Aliyeshindwa kulipa ada kwa sababu ya ugonjwa au kukosa kazi, mara nyingi alipoteza vyote, na alichopoteza kikawa faida ya wenzake. Baada ya uchunguzi mkubwa wa mwaka 1905, sheria ya New York iliupiga marufuku mtindo huo.

Tontini ya Walio Hai

Wafaransa nao walilileta neno hilo Afrika, na hapa likageuka. Katika Kameruni, Senegali na Kongo, tontini ni watu wanaojuana wanaochanga kwa zamu. Wakiwa kumi, kila mmoja akitoa shilingi 20,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja huondoka na 200,000, mpaka wote wapate. Kule Kameruni viko vikundi ambavyo wanachama hushindania zamu kwa mnada, na kile mshindi anachokubali kupunguziwa huwa faida ya wote.

Tazama basi tofauti yake. Katika mkataba wa Tonti, kifo cha mwenzako kilikuwa neema kwako. Katika upatu, kifo cha mwenzako ni hasara yako, maana huenda amekwisha pokea na hajamaliza kuchanga. Kwa hiyo wanaupatu huulizana hali na hutembeleana wakiugua. Wa kwanza kupokea ni mdeni wa wote. Wa mwisho ni mkopeshaji wa wote, naye hana dhamana ila uaminifu.

Hata upatu wetu una maana nyingine. Zamani, na hadi leo katika ngoma, ni sahani ya shaba inayopigwa. Siku hizi jina hilo hupachikwa pia kwenye michezo ya kitapeli, ambamo wa mbele hulipwa kwa fedha za wanaoingia nyuma, hata siku moja waingiaji wanakwisha na fedha zinakwisha nao. Hiyo nchini Tanzania ni kosa la jinai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jina lisikutoshe. Kabla hujatoa hata senti, uliza: Fedha nitakazopokea zinatoka kwa nani? Anayeshindwa kuendelea hurudishiwa nini? Nami nikifa, fungu langu litapewa nani? Majibu yaandikwe, na mwenzi wako nyumbani ayajue. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.