Daktari Naye Afunzwe Kusikiliza

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huu mara nyingi huelekezwa kwa mgonjwa, akalaumiwa kwa ukimya wake. Lakini yuko mgonjwa asiyeficha lolote. Amekwenda kwa tabibu na maradhi yake na maneno yake, kisha amerejea nyumbani na maneno yale yale kifuani, kwa kuwa hakupata nafasi ya kuyatoa.

Mwaka 1984 nchini Marekani, watafiti Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 baina ya madaktari na wagonjwa. Walikuta kwamba mgonjwa hukatizwa kauli yake kwa wastani wa sekunde 18 tangu aanze kujieleza. Kati ya waliokatizwa, ni mmoja tu aliyepata kurudi akaimaliza kauli yake.

Jambo hili si dogo, hasa kwa kinamama. Wengi wetu tumelelewa katika haya na stara, na kwa hivyo huanza na lililo jepesi kusemeka. Mama atataja kichwa kinachomuuma, ilhali kilichomtoa nyumbani ni uvimbe katika titi au damu inayotoka isipostahili kutoka. Akikatizwa kwenye kichwa, ataondoka na vidonge vya kichwa.

Madaktari wana udhuru wao: foleni ni ndefu na muda ni mchache. Hata hivyo, uchunguzi wa Basel, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusu wagonjwa 335 ambao madaktari wao walitakiwa wawaache waseme mpaka wamalize. Kwa wastani walisema kwa sekunde 92 tu, na 78 katika kila 100 walimaliza ndani ya dakika mbili.

Je, usikivu hufundishika, au ni tabia ya kuzaliwa nayo? Mwaka 1963, mjini Los Angeles, Dakta Howard Barrows alianza kuwatumia watu wazima wa afya waliofunzwa kuigiza dalili za ugonjwa, ili wanafunzi wa udaktari wajizoeze kwao. Hii leo njia hiyo imeenea ulimwenguni. Mwanafunzi humhoji mgonjwa wa kuigiza, kisha huambiwa wazi ni wapi alipomkatiza na ni neno gani lililomtia hofu.

Hata namna ya kutoa habari nzito ina mafunzo yake. Mwaka 2000, Walter Baile na wenzake walichapisha hatua sita: daktari atafute faragha, amuulize mgonjwa analolifahamu, ajue anataka kuambiwa kiasi gani, aseme kwa lugha nyepesi, azipokee hisia zake, kisha wapange pamoja la kufanya.

Liko pia funzo lisilohitaji darasa. Dakta Kate Granger wa Uingereza aliugua saratani, na alipolazwa mwaka 2013 aliona kwamba wengi waliomhudumia hawakujitambulisha kwake. Alianzisha kampeni ya kuwahimiza wahudumu waanze kwa kutaja majina yao, na aliiendeleza hadi alipofariki mwaka 2016.

Kisha kuna kuhakikisha kuwa maelezo yamefahamika. Kumuuliza mgonjwa, "Umeelewa?" hakutoshi, kwani wengi huitikia kwa adabu. Lililo bora ni kumwomba aeleze kwa maneno yake namna atakavyoitumia dawa. Chukua mfano wa mgonjwa wa kisukari anayekusudia kufunga Ramadhani. Akiendelea na kipimo kile kile cha insulini huku hali chakula mchana, sukari yaweza kushuka hadi akazimia. Daktari hana budi kuuliza, na mgonjwa naye hana budi kusema, kabla mwezi haujaandama.

Hapa Kenya haya si hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, humpa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, matibabu yaliyopo, hatari zake na gharama zake, kwa lugha anayoifahamu na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kwa hivyo bibi aliyezoea Kiswahili chake cha mtaani hastahili kuonewa haya anapoomba aelezwe upya.

Nasi tuna wajibu wetu, ndugu msomaji. Kabla ya kwenda, andika mambo matatu unayotaka kuyasema, na uanze na lile zito. Ukiona haya, uliza kama yupo daktari mwanamke, au nenda na dada au binti unayemwamini. Kabla hujainuka kitini, mrudishie daktari maelezo yake: "Kwa hivyo dawa hii ninywe hivi, na nikiona dalili hii nirudi mara moja, sivyo?" Akiwa umemfahamu vibaya, atakusahihisha pale pale, nawe bado uko mbele yake.