Barafu ya Kiooni na Msamiati Uliolala Kamusini

Mji wa Meru umekaa kwenye mteremko wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya, na mstari wa ikweta unapita kilomita chache tu kusini mwake. Katika soko la Gakoromone hakuna dereva anayeanza siku yake kwa kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Msomaji basi ana haki ya kuuliza: mhadhiri wa isimu ana nini na barafu ya magari?

Jibu ni jepesi. Vijana wetu wamekwenda mahali ambapo kazi hiyo ni ya kila asubuhi ya kipupwe. Wako Minnesota, wako Massachusetts, wako Uingereza. Na tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, tarehe 13 Septemba 2024, wako wengi zaidi wanaotazama upande huo. Kijana wa aina hii anapompigia simu mamaye aliye kibandani Gakoromone, humwambia: "Nimechelewa kazini, nilikuwa nikiondoa barafu kwenye gari." Mama huona akilini mwake vile vipande vya kupozea soda, akashangaa jinsi vilivyofika juu ya gari. Neno moja limebebeshwa mzigo wa vitu vingi, na mzigo huo umeanguka njiani.

Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu wanipe majina ya maji yaliyoganda. Wengi walitoa mawili, barafu na theluji, kisha wakanyamaza. Ilhali Kiswahili si maskini hata kidogo. Theluji, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni ile inayoanguka kutoka mawinguni, nyepesi kama pamba. Barafu, yenye asili ya Kiajemi, ni maji yaliyoshikana yakawa gumu kama jiwe. Mvua ya mawe twaijua sote, hasa wakulima wa chai. Na ipo sakitu, ule ukungu mweupe unaogandia majanini na viooni usiku usio na mawingu. Anayesoma Biblia ya Toleo la Union atalikuta neno hili katika Kutoka 16:14, pale mana inapofananishwa na sakitu juu ya nchi. Lipo pia jalidi, ambalo limo kamusini na halimo vinywani.

Je, tofauti hizi ni mapambo ya wasomi? La hasha! Kila kitu kina kitenzi chake na chombo chake. Theluji hufagiwa kwa brashi. Sakitu na barafu hukwanguliwa kwa kibao cha plastiki chenye ukingo mwembamba. Anayekwangua theluji hupoteza muda, na anayefagia barafu hupoteza nguvu. Mimi nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu ughaibuni, nilifunzwa kazi hii kwa Kiingereza na jirani mzee. Naieleza hapa kwa Kiswahili, ili ionekane kwamba lugha yetu inaiweza.

Kwanza, fagia theluji yote, ukianzia paani. Ukiiacha huko, utakapofunga breki itateremka na kukufunika kioo cha mbele, au itaruka imwangukie dereva aliye nyuma yako. Kanuni za barabarani za Uingereza, katika kifungu cha 229, zinamtaka dereva asafishe vioo vyote na aondoe theluji inayoweza kuwaangukia wengine. Kutoboa kijitundu cha kuchungulia hakutoshi. Pili, usiwashe waipa zikiwa zimegandia kiooni. Mpira wake utachanika, au mota itaungua. Tatu, usimwage maji ya moto. Kioo kilichopoa sana kikipata joto la ghafla hutanuka upande mmja kabla ya mwingine, kikapasuka; na maji hayo yakipoa huganda upya. Dawa ya kunyunyizia ni ile yenye alkoholi, kwa kuwa alkoholi haigandi upesi kama maji.

La nne ndilo zito kuliko yote. Kabla ya kuwasha injini, chunguza bomba la moshi. Theluji ikiliziba, moshi hurudi ndani ya gari. Katika moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu aliyeketi ndani akijipasha joto. Kadhalika, usiache injini ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa. Hili ni onyo ambalo mzazi angependa mwanawe alisikie kwa lugha anayoielewa bila kusitasita. Lugha isiyoweza kumwonya msemaji wake inamwacha mlangoni mwa hatari.

Historia inatupa funzo hapa. Tarehe 11 Mei 1848, mmishonari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomuuliza kiongozi wake wa safari weupe ule ni nini, aliambiwa tu kwamba ni baridi. Kule London, mwanajiografia Desborough Cooley aliikataa katakata habari ya theluji karibu na ikweta. Kati ya hao wawili, yule wa safarini ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa alitaja kile ambacho mwili hukihisi. Lakini hiyo ilikuwa 1848. Sisi wa leo hatuna udhuru wa kuishia kwenye "baridi."

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la ughaibuni pekee. Mwezi wa Septemba 2008, kijiji cha Busara karibu na Nyahururu kiliamka na kukuta mlima wake umefunikwa kwa weupe. Watu walisema ni theluji, na habari zikaenea hivyo. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikamana. Na wakulima wa chai wa Kericho, ambao sakitu iliwaunguzia majani Januari 2012, hawahitaji kuambiwa kwamba sakitu si theluji.

Wapo watakaosema kwamba msafiri atajifunza mambo haya kwa Kiingereza au Kijerumani akifika huko. Sawa, atajifunza. Lakini dhana iliyokwisha kukaa katika lugha moja huhamia nyingine kwa wepesi, na anayeanza na dhana na neno kwa pamoja hubeba mizigo miwili. Zaidi ya hayo, akirudi atawasimulia wazazi wake kwa lugha gani?

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi unatutaka tumfunze mwanafunzi kutenda kwa lugha. Basi tusimkaririshe orodha ya misamiati migumu kwa ajili ya mtihani. Mpeni kazi: aandike maagizo ya kusafisha kioo kilichogandiwa na sakitu, kwa mtu ambaye hajawahi kuiona. Kisha mwenzake asome, aseme ni wapi angekwama. Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza neno, kwani kuuliza si ujinga. Siku mtakapolihitaji, huenda kamusi iko nyumbani na bomba la moshi limezibwa.