Kung Fu Hujifunzwa na Watu Wawili

Vijana wengi wa miji yetu waliijua kung fu kwa njia ya sinema. Tangu mwaka 1971 sinema za Bruce Lee zilianza kutoka Hong Kong, zikaenea hata katika miji ya Afrika, na mpaka leo kuna watoto wanaorusha mateke uani kwa kuiga mambo ya namna hiyo. Mtazamaji huona mtu mmoja akiwashinda ishirini, naye hudhani kwamba ufundi ule ni kazi ya mtu wa peke yake, mwenye nguvu na hasira. Kumbe, mtu yule alijifunza kwanza kusimama mbele ya mwenzake mmoja, mikono yao ikigusana, pasipo kutaka kumshinda. Jambo hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo.

Nyumba ya mafunzo

Kwa Wachina, maana ya asili ya neno kung fu ni ustadi unaopatikana kwa bidii na kwa siku nyingi. Hata mpishi au seremala aweza kuwa na kung fu yake. Baadaye neno hilo likazoeleka kwa sanaa ya kupigana, nayo ina namna nyingi. Sisi tutaeleza moja tu, iitwayo Wing Chun, ambayo asili yake ni kusini mwa China.

Mwalimu wake aliyejulikana kupita wengine ni Ip Man. Alizaliwa katika mji wa Foshan mwaka 1893, naye alikufa Hong Kong mwaka 1972. Mwaka 1950 alianza kufundisha Hong Kong katika nyumba ya chama cha wafanyakazi wa mikahawa. Basi wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watu waliokwisha kuchoka kwa kazi ya mchana kutwa.

Katika nyumba ya mafunzo kama hiyo watu huitana kwa majina ya jamaa. Mwalimu huitwa sifu, na katika neno hilo, kama Wachina wanavyoliandika, mna alama ya baba. Aliyetangulia kuingia huitwa ndugu mkubwa, hata kama umri wake ni mdogo, na aliyemfuata ni ndugu mdogo. Sisi twafahamu vema desturi ya namna hiyo. Mkubwa hapewi jina lile ili ajivune. Apewa pamoja na mzigo wake, yaani kumwongoza aliye nyuma.

Mtu wa mti hasemi

Mwanafunzi huanza peke yake. Hujifunza mfululizo wa mienendo uitwao Wazo Dogo, akisimama mahali pamoja bila kuondoa miguu, huku mikono yake ikifanya kazi polepole. Mfululizo wa pili huitwa Kutafuta Daraja. Daraja ni nini? Ni mkono wako uliogusana na mkono wa mwenzako, kwa maana hapo ndipo habari hupita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kuna pia mtu wa mti: gogo lililosimamishwa, lenye mikono mitatu na mguu mmoja, ambalo mwanafunzi hulipiga na kulizunguka ili azoee kusimama na kupima umbali.

Vyote hivyo ni vyema, walakini vina upungufu mmoja. Hewa haikupingi, na mtu wa mti hakusahihishi. Ukiinua kiwiko mahali kisipopaswa kuinuliwa, gogo litanyamaza. Waweza kulirudia kosa lako mara elfu, nawe ukadhani unaendelea mbele, kumbe unalitia mizizi. Ndiyo sababu Wachina waliweka zoezi la watu wawili liitwalo chi sao, maana yake mikono inayonata.

Zoezi lenyewe

Kwa kuanza, kila mmoja hutumia mkono mmoja tu. Wawili husimama wakielekeana, miguu imetulia. Wa kwanza hunyosha mkono mbele ya kifua, kiganja kikitazama juu. Wa pili huuweka mkono wake juu ya ule wa mwenzake, kwa wepesi. Kisha wa kwanza husukuma kiganja kuelekea kifua cha mwenzake. Wa pili, akiisha kuusikia msukumo ule, hushusha kiwiko na kuuzuia. Ndipo yeye naye hurudisha ngumi kuelekea uso, na wa kwanza huinua kiwiko chake mfano wa bawa la ndege, ngumi ikapita pembeni. Halafu mikono hurudi ilipoanza, na mzunguko huanza tena. Wakiisha kuzoea, hutumia mikono yote, na mikono minne huviringika pamoja bila kuachana.

Kwa nini kugusana, wala si kutazama tu? Kwa sababu mwili hujibu mguso upesi kuliko unavyojibu kile kilichoonwa na jicho. Watu wakikaribiana hivyo, jicho huchelewa. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuutendea mkono wa mwenzake kama mgeni: ukija aupokee, ukiondoka ausindikize, na njia ikibaki wazi asonge mbele.

Hapo makosa hayafichiki. Tuseme mwanafunzi mwenye misuli mikubwa anakandamiza mkono wa mwenzake kwa nguvu zote. Mwenzake hana haja ya kushindana naye. Ataondoa mkono ghafula, na mkono wa yule mwenye nguvu utaanguka chini kama mzigo uliokatiwa kamba, kifua chake kikibaki wazi. Pigo dogo la kiganja litamwonyesha kosa lake, wala hakuna maneno ya mwalimu yanayoweza kueleza wazi zaidi.

Tamaa ya kushinda

Lakini zoezi hili lina jambo moja linaloliharibu, nalo ni tamaa ya kushinda. Mmoja akipigwa mara mbili tatu, uso wake hubadilika. Huanza kukaza mabega na kuharakisha, naye mwenzake hujibu vivyo hivyo. Baada ya muda kidogo, wawili waliokuja kujifunza wanasukumana kama mbuzi. Jasho linatoka, lakini hakuna aliyejifunza kitu, na mara nyingine mmoja huondoka na kidole kilichoteguka.

Tufikiri vizuri: mwenzi wa mazoezi amekuazima mwili wake. Ameacha kifua chake karibu na ngumi yako kwa sababu anakuamini. Ukiitumia imani hiyo kwa kujionyesha, kesho atajilinda mbali nawe, au hatarudi kabisa. Hapo umepoteza kile ambacho hakuna fedha iwezayo kukinunua, yaani mkono utakaokuonyesha kosa lako bila kukuumiza.

Bruce Lee mwenyewe aliijua haja hiyo. Alizaliwa Marekani mwaka 1940 na kukulia Hong Kong, ambako alisoma katika shule za Wakatoliki, na alijifunza kwa Ip Man katika miaka ya 1950. Husimuliwa kwamba baadhi ya wanafunzi walikataa kufanya mazoezi naye, kwa sababu mama yake alikuwa na damu ya Kizungu. Lakini ndugu yake mkubwa katika mafunzo, Wong Shun Leung, alimsaidia sana. Mwaka 1959 alikwenda Marekani, akakaa Seattle, mbali na mwalimu wake na ndugu zake wa mafunzo. Huko mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Jesse Glover, Mmarekani mweusi aliyejua judo. Alipowafundisha wengine alijipatia pia mikono ya kufanya mazoezi pamoja naye.

Shauri letu kwa vijana

Ninyi mnaojifunza mchezo wa namna hiyo, shikeni mambo haya. Kwanza, patana na mwenzako kabla ya kuanza: leo tutatengeneza jambo gani, na kwa mwendo gani? Pili, anzeni polepole, maana haraka hufunika kosa. Tatu, mwombe akupe shambulio moja lile lile mara kumi, kisha mbadilishane. Nne, usichague mwenzi mmoja siku zote. Mrefu atakufundisha neno moja, mfupi jingine, na mwanafunzi mpya atakufundisha uvumilivu. Tano, ukiguswa kifuani usikasirike. Uliza, “Mlango ulikuwa wazi wapi?” naye akuonyeshe.

Na wewe uliye mkubwa katika mafunzo, mtazame yule aliyeingia jana, ambaye hakuna anayetaka kusimama naye kwa sababu bado hajui. Mpe mkono wako kwa nusu saa. Mwanafunzi aliyenyimwa mwenzi hubaki na gogo tu, nalo gogo, kama tulivyosema, halisemi.