Mbao za Kweli na Mbao za Picha katika Motokaa za Fahari

Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu, ambaye ni seremala. Siku moja aliletewa deshibodi ya Jaguar Mark 2, motokaa iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1959 hata 1967. Vanishi yake ilikuwa imepasukapasuka kwa jua. Mimi nilidhani ni ubao mzima, nikakaza msasa kwa nguvu zangu zote. Mara urembo ule wa hudhurungi ukatoweka mahali pamoja, pakatokea ubao mwingine, mweupe, usio na urembo wowote. Nilikuwa nimekwisha toboa ngozi.

Ndipo nilipojua ya kuwa hata hizo ziitwazo mbao za kweli ni ngozi tu. Mafundi huiita vinia. Nzuri kuliko zote hutoka katika vinundu vya mti wa mjozi, mahali ambapo nyuzi za mti zimejisokota ovyo. Kinundu huchanwa vipande vyembamba, unene wake haufiki milimita moja, kisha hubandikwa kwa gundi juu ya ubao wa kawaida na kupakwa vanishi mara nyingi. Mafundi wa Rolls-Royce huchukua vipande vilivyofuatana katika gogo moja, wakavifunua kama kurasa za kitabu, hata upande wa kulia ukawa kama sura ya upande wa kushoto katika kioo.

Mbao za bandia ni picha iliyopigwa chapa, mara nyingi juu ya plastiki. Katika miaka ya 1930 Wamarekani waliichapa hata juu ya bati la deshibodi. Tazameni Chrysler Town and Country. Ile ya mwaka 1941 ilikuwa na mbao hasa ubavuni, za ashi na mahogani, zilizotaka kupakwa vanishi kila mara zisioze. Ya mwaka 1968 ilikuwa chuma, kimebandikwa plastiki yenye sura ya mbao. Na jina ni lile lile! Walakini simcheki aliyeinunua, maana plastiki haidai vanishi.

Mtazitambuaje? Kugusa hakusaidii sana, kwa kuwa vanishi nene huteleza kama plastiki. Tafuteni alama moja, kama jicho la mti. Ikiwa yarudi vile vile mahali pengine bila kugeuka, yaelekea ni chapa. Ikiwa imegeuka kama katika kioo, yaelekea ni vinia. Tena, picha ikichubuka haina dawa ila kubandika nyingine, bali vinia yaweza kusuguliwa polepole na kupakwa upya, mradi msuguaji asiwe mtu kama mimi.

Mjomba hakunigombeza. Alitafuta kipande kingine cha mjozi, akakibandika kwa uangalifu siku mbili, lakini nyuzi zake hazikulingana na za upande wa pili. Mwenye motokaa alitazama kitambo kirefu, akalipa nusu.